Kusoma McHarg Kando ya Mto Mathare

Nakala yangu ya Design with Nature ni fotokopi. Nilitolewa kwenye saiba moja nje ya geti la chuo, kurasa zote, ikafungwa kwa ile spirali nyeusi ya plastiki, na jamaa wa mashine akaniuliza kama hiyo ni Biblia ya dini gani. Nilicheka, lakini hakukosea sana. Darasani kwetu, sisi tunaosomea uzamili wa usanifu wa mandhari, kitabu hiki kinatendewa kama Biblia. Kila mtu anakitaja, na wachache wamekisoma hadi mwisho.

Shida ya fotokopi ni kwamba kitabu chenyewe kinaishi kwa rangi ya kijivu. Mwandishi wake, Ian McHarg, ni Mskoti aliyezaliwa mwaka wa 1920, akaenda Marekani na kuanzisha idara ya usanifu wa mandhari katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kitabu kilitoka mwaka wa 1969. Mbinu yake, ukiitoa maneno makubwa, ni hii: chukua mahali, na kila kitu kilichopo ukichoree karatasi yake angavu. Mwamba karatasi yake, udongo yake, maji, mteremko, msitu, wanyama. Pale ambapo ujenzi utaleta hasara kubwa, paka rangi nzito. Hasara ikiwa ndogo, paka nyepesi. Pasipo na hasara, acha peupe. Halafu panga karatasi zote moja juu ya nyingine, uziweke mbele ya taa. Panapopita mwanga, jenga. Palipo giza, achana napo. Kama umewahi kutumia programu ya ramani kwenye kompyuta, ile ya kuwasha na kuzima matabaka, basi umeshafanya kazi hii bila kujua ilitoka wapi.

Mashine ya saiba ilimeza kijivu chote. Katika nakala yangu ramani zote ni nyeusi au nyeupe. Wakati ule nilikasirika hadi nikataka kurudishiwa pesa. Siku hizi nashuku mashine ilifanya tu kile ambacho sisi wanafunzi hufanya na kitabu hiki tukiwa na haraka ya studio.

Kabla sijaenda mbali: hapana, hatusomei kupanda maua. Nimeulizwa hilo katika kila harusi na kila matanga tangu nianze shahada ya kwanza, na nilipoingia uzamili mjomba wangu akasema, “Kwani maua yana masters?” Sehemu ya lawama naipa jina letu. Mandhari ni kile kilicho mbele ya macho, na neno lenyewe lina asili ya Kiarabu kwenye mzizi wa kutazama. Landscape ya Waingereza nayo iliingia kwao kutoka Uholanzi pamoja na michoro ya wachoraji. Lugha mbili, na zote zimesimama mbali zikiangalia. Hakuna hata moja iliyoinama ikashika udongo. Mimi nilitaka kusomea namna mahali panavyofanya kazi, nikajikuta kwenye taaluma ambayo jina lake ni picha.

McHarg, kwa haki yake, hakupenda picha. Hilo ndilo lililonifanya nimpende kwanza. Sura yake ya mwanzo ni ya maisha yake: mtoto aliyekulia kati ya moshi wa Glasgow na mashamba ya upande wa pili, kisha kijana mgonjwa wa kifua kikuu aliyehamishwa kutoka hospitali ya Uskoti hadi Uswisi, kwenye jua na milima, akapata nafuu. Anaandika kama mtu aliyekosewa. Sura ya bahari nayo nilikaa nayo usiku mzima, mvua ikipiga mabati ya hosteli. Anaeleza vilima vya mchanga vya pwani ya New Jersey. Ufuko wenyewe unavumilia miguu ya watu. Kilima cha kwanza hakivumilii hata kutembelewa, kwa sababu kinashikwa na nyasi, na nyasi zikikanyagwa zinakufa na mchanga unaondoka. Nyuma ya kilima cha pili ndipo unaweza kujenga. Watu wakajenga juu ya kilima kwa sababu pana mwonekano mzuri wa bahari, na dhoruba ya Machi 1962 ikaja kuchukua nyumba zao. McHarg hakwambii kwamba mchanga ni mzuri kutazama. Anakwambia mchanga una kazi, na ukiufuta kazi, utaifanya wewe kwa gharama yako. Nilipomaliza sura hiyo nilielewa kwa nini wahadhiri wetu wanamheshimu hivyo.

Kisha nikafika kwenye barabara.

Wahandisi walitaka kupitisha barabara kuu, Richmond Parkway, katika kisiwa cha Staten Island, New York, katikati ya eneo la kijani lililokuwa limebaki. Wahandisi wa siku zile walihesabu saruji, umbali na mafuta ya gari. McHarg akasema hesabuni vyote. Akachora karatasi ya mteremko, ya mmomonyoko, ya maji, ya msitu, ya wanyamapori, ya historia, ya burudani. Barabara bora, akasema, ni ile inayopita pale ambapo jumla ya hasara kwa jamii ni ndogo. Kwa miaka ya sitini hayo yalikuwa mapinduzi, wala sitanii. Ndege wa msituni alikuwa amepata kura mbele ya mhandisi.

Sasa angalia karatasi mbili kati ya zile: ya thamani ya makazi na ya thamani ya ardhi. Nyumba za bei zimepakwa rangi nzito. Ardhi ghali, rangi nzito. Ardhi rahisi inabaki nyepesi, na kila kitu kingine kikiwa sawa, mwanga unapita pale. Hakuna mahali ambapo McHarg anaandika kwamba barabara ipitishwe kwa maskini. Hana haja. Taa inasema yenyewe.

Mimi sikuliona hilo nikisoma. Nililiona nikichora.

Studio yetu ya mwaka wa 2023 ilikuwa kando ya Mto Mathare. Nilichora karatasi kumi, kwenye kompyuta lakini kwa roho ya McHarg. Mteremko, udongo, maji, miti iliyobaki na kadhalika. Nilipofika kwenye thamani ya makazi nikafuata kanuni: vyumba vya mabati, hakuna hatimiliki, wapangaji wa mwezi kwa mwezi. Karibu sifuri. Thamani ya ardhi kwenye kumbukumbu nilizopata, hivyo hivyo. Mtaa mzima ukatoka mweupe kama karatasi mpya. Karatasi ya mafuriko nayo ikatoka nyeusi tititi kando ya maji. Nikaziunganisha. Moja ilisema mto usijengwe karibu, nyingine ikasema hizi nyumba zikiondoka hakuna kilichopotea. Zilikubaliana bila hata kuulizana.

Programu ina kitufe cha kuchora ukanda kando ya mstari. Inakuuliza namba moja tu. Nikaandika 30, kwa sababu ndiyo namba kila mtu anaitaja kuhusu kingo za mito, nikabonyeza, na mto mzima ukavaa pindo la kijani pande zote mbili, limenyooka kama la fundi cherehani. Nikaliita ukanda wa ikolojia. Nikaongeza njia ya baiskeli. Halafu nikabandika watu, maana picha ya jopo bila watu inaonekana kama kaburi. Hawa watu wa kubandika tunawatoa mtandaoni, na yeyote aliyepitia studio anawajua: mzungu wa kukimbia, mama na kigari cha mtoto, na jamaa mwenye koti zito la theluji na mbwa. Nilimweka jamaa wa koti pale Mathare, Februari, jua la saa nane.

Jopo lilisifu mistari yangu. Mmoja wao akauliza, “Na walio hapa wanaenda wapi?” Nikajibu kwamba watahamishwa kwa utaratibu. Akaandika kitu, akaenda kwa mchoro uliofuata. Nimelifikiria sana hilo jibu. Ukiweka kile kiambishi kidogo cha kutendwa, wata-ham-ish-wa, mtendaji anatoweka kabisa. Hakuna anayehamisha. Kuhama kunatokea tu, kama mvua. Nilipata alama nzuri, karibu ya juu zaidi darasani.

Kuna kitu sikukiweka kwenye karatasi yoyote. Katika ziara ya pili nilikuwa nimempata shosho mmoja akipalilia nduma kwenye kona ya mto, pale maji yanapopinda. Juu kidogo sukuma wiki, juu tena nepia ya kuuzia watu wa ng'ombe. Aliniona na kamera akanyooka.

“Wewe ni wa kanju?”

“Hapana shosho, mimi ni mwanafunzi.”

“Unasomea nini hapa kwa matope?”

“Kutengeneza mahali kama hapa.”

Akaniangalia kwa huruma hivi. “Hapa pametengenezwa, kasichana kangu. Kwani hizi nduma zilijipanda?”

Alinieleza mambo mengi ambayo nilitikisa kichwa nisiyaandike. Nduma ziko chini kwa sababu haziogopi maji. Sukuma inaogopa, ndiyo maana iko pale. Yeye mwenyewe halali upande wa chini hata akipewa chumba bure. Kisha akanionyesha ukuta wa mawe wa choo cha ploti, nao ulikuwa na mistari mitatu imekwaruzwa kwa msumari, kila mmoja na mwaka wake. Maji yalifika hapa, mwaka ule mwingine yakafika hapa. Nilipiga picha. Sio ya ukuta. Ya nduma, kwa sababu majani yalikuwa mapana na mwanga ulikuwa mzuri.

Hapo ndipo kitabu kilikuwa kimenifunza vibaya, au mimi nilikuwa nimejifunza vibaya kutoka kwake, sijui mpaka uko wapi. Kanuni za ubora wa maji za mwaka wa 2006 hazisemi 30 kila mahali. Zinasema kati ya mita 6 na 30, kutegemea kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Kurekodiwa na nani? Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya rekodi, imeandikwa kwa msumari, na sikuiona kwa sababu haikuja na jina la faili.

Aprili 2024 mvua ikaja. Unajua ilivyokuwa. Watu walikufa Mathare, na wengine wakalala juu ya mabati wakisubiri kupambazuke. Sitaki kujifanya hapa kwamba ramani za kina McHarg zilikuwa uongo, kwa sababu mto ulifika pale zilikosema unaweza kufika, na mtu yeyote anayekwambia watu wabaki kando ya maji bila shida hajaona maji yale. Kisha Mei, kufuatia amri ya wanaoishi ndani ya mita 30 kuondoka, tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru. Familia zilizoathirika ziliahidiwa shilingi 10,000. Nilienda siku mbili baada ya ubomoaji, pamoja na mwenzangu wa darasa. Tulisimama juu ya daraja. Hakusema kitu, mimi pia. Lakini nililijua lile pindo. Lilikuwa limenyooka vile vile. Mto pale unapinda, na kwenye kona ya ndani maji yalikuwa yamepita mita 30 kwa mbali, unaona takataka zimening'inia kwenye nyaya. Huko nyumba zilikuwa zimesimama, zimejaa matope, wenyewe wamesharudi. Upande wa nje, ambapo ukingo ni mwinuko na maji hayakupanda hata nusu, palikuwa pameangushwa chini. Mashine ilifuata tepu, haikufuata maji.

Ukuta wa choo haukuwepo. Nduma zilikuwepo, zimelala kwenye tope, baadhi zimeanza kuinua majani. Jirani aliniambia shosho ameenda kwa bintiye Huruma kwanza. Nilimwachia namba yangu ya simu. Hajawahi kupiga, na sidhani kuna sababu ya yeye kunipigia.

Nilirudi kwa kitabu nikiwa na hasira, nikakisoma tena kutoka mwanzo kwa kutafuta watu. Wapo kwenye sura ya Philadelphia, ile ya afya na maradhi ya mji. McHarg anachora ramani za magonjwa, umaskini na uhalifu, anaziweka pamoja, na katikati ya mji panatoka giza. Kwa hiyo nikabaki na hesabu hii. Maskini wakiwa njiani mwa barabara, karatasi yao ni nyeupe. Wakiwa wanahesabiwa kama tatizo, karatasi yao ni nyeusi. Kijivu, ile rangi ya kitu kilicho na thamani fulani na hasara fulani, chenye historia na kazi, kimepewa msitu, mchanga na ndege. Mtu kama shosho hana kijivu chake humo.

Kuna kitabu kingine ambacho hakikuwa kwenye orodha yetu ya kusoma, na sijui kwa nini, kwa sababu ni kitabu cha mandhari kuliko vingi vilivyokuwemo. Ni Unbowed, kumbukumbu za Wangari Maathai, cha mwaka wa 2006. Watu wanakikumbuka kwa Uhuru Park mwaka wa 1989 na Karura miaka kumi baadaye. Mimi nasema soma kurasa za utoto wake Nyeri. Kuna mkuyu mkubwa, mugumo, na mamake anamkataza kuokota kuni zake kwa sababu ni mti wa Mungu. Karibu na mti kuna kijito, na kandokando yake nduma, na mtoto anacheza na mayai ya vyura. Baadaye, akiwa msomi wa biolojia, anaeleza kwamba mizizi ya mugumo inapenya mwamba hadi kwenye maji ya chini na kuyapa njia ya kutokea, na kwamba inashikilia mteremko. Anarudi nyumbani anakuta mti umekatwa, pamepandwa chai, kijito kimekauka.

Weka hayo kando ya vilima vya mchanga vya New Jersey. Ni maarifa yale yale: kitu hiki kina kazi, usikiguse. Tofauti ni mahali maarifa yamehifadhiwa. McHarg anahitaji mtaalamu, karatasi na taa. Kwa Wangari yamo ndani ya mwiko, mdomoni mwa mama. Na mwiko una kitu ambacho karatasi haina: unamjua mtu anayeokota kuni. Unamwambia asiokote hapa, lakini haumfuti.

Sitaki kumfanya Wangari jibu la kila kitu, jinsi tunavyopenda kufanya kila tarehe tano Juni. Uhuru Park ilikuwa vita vya bustani dhidi ya jengo la orofa 60, na adui alijulikana. Karura ilikuwa msitu dhidi ya wanyakuzi. Mathare ni mto dhidi ya mpangaji asiye na pa kwenda, na sioni kurasa za Unbowed zinazonisaidia sana hapo. Mugumo haulipi kodi ya nyumba. Nikimlinganisha tena na McHarg, yeye angalau alijaribu kujibu swali la hesabu, nani anabeba gharama, hata kama alilijibu kwa bei ya nyumba. Wengi wetu hatulijibu kabisa. Tunachora baiskeli.

Kwa hiyo kitabu sijakitupa. Mbinu yake bado ndiyo ninayoitumia kwenye tasnifu, ila nimeongeza karatasi moja. Nazunguka na tepu ya fundi na simu, nauliza kila ploti: maji ya Aprili yalifika wapi? Na ya kabla yake? Nani alikuwa analala wapi? Nani alihamisha kitanda, nani alihama, nani alirudi, kwa nini? Watu wanaonyesha alama kwenye milango, kwenye nguzo za stima, kwenye friji ya soda ya duka. Kazi ni ya polepole na haina heshima yoyote. Msimamizi wangu ana wasiwasi, na ana haki kuwa nao: watu wawili wa ploti moja wanatofautiana kwa futi nzima, mmoja anakumbuka usiku, mwingine asubuhi. Anauliza nitapakaje rangi kitu ambacho wenyewe hawakubaliani. Nimemwambia nitapaka kijivu. Hakucheka.

Wiki iliyopita nilipata ukuta mpya wa choo, mawe ya juzi, na mtu alikuwa ameshachora mstari kwa kalamu ya wino mzito na kuandika 4/2024. Nikaomba kijana mmoja anishikie ncha ya tepu pale ukutani, mimi nikashuka hadi kwenye maji. Mita 43. Nikaandika. Akapiga kelele kutoka juu kwamba tepu ilikuwa imekwama kwenye mabati na sikuwa nimeinyoosha, tupime tena. Tukapima tena. Ikawa 41.